Mikono Iliyotulia

Fundi alipotulia, Atupele Mwasomola alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kitanda cha upasuaji, mikono ameikunja kifuani ndani ya glavu, kama alivyosimama katika oparesheni zaidi ya elfu moja zilizotangulia.

Fundi lilikuwa jina ambalo watu wa Itundu waliipa mashine ya upasuaji tangu mwaka ilipopandishwa milimani kwa lori. Ilikuwa na mikono minne myembamba iliyoning'inia kutoka darini, na macho madogo kwenye kila kiwiko. Daktari wa mwisho aliyepasua watu kwa mikono yake mwenyewe alikwisha kuhamia Dodoma miaka minane nyuma, na hakuna aliyekuja kushika nafasi yake. Sheria iliruhusu mashine ifanye kazi peke yake kwa sharti moja: mtu mwenye leseni, aliyeitwa mwangalizi, awe chumbani muda wote, karibu na kitufe chekundu. Kwa Itundu mtu huyo alikuwa Atupele, nesi wa chumba cha upasuaji mwenye miaka hamsini na mmoja. Kitufe kile hakuwahi kukigusa isipokuwa siku za mazoezi.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri. Aliyelala kitandani aliitwa Festo Mahenge, mpasua mbao, ambaye gogo la msonobari lilimbingirikia tumboni asubuhi ile. Kaka zake walitaka wampakie garini wampeleke hospitali ya misheni, mwendo wa saa sita, ambako bado kulikuwa na daktari mzee anayeshika kisu mwenyewe. Mke wake, Tegemea, alikataa. Mbele yao wote aliweka kidole gumba kwenye kioo cha kompyuta cha ridhaa na kusema, "Mpelekeni kwa Fundi."

Fundi alifungua tumbo kwa dakika nne. Ini lilikuwa limepasuka. Mikono yake ilinyonya damu, ikasogeza, ikatafuta. Kisha miwili ikapenya nyuma ya ini na kukaa humo. Miwili iliyobaki nayo ikasimama.

Atupele alisubiri. Damu ilikuwa ikipanda polepole kwenye uwazi wa tumbo. Sekunde kumi zikapita, kisha ishirini.

"Dada Atu," alisema Obadia, mtaalamu wa nusukaputi, aliyekaa upande wa kichwa cha mgonjwa. "Presha hamsini."

"Naiona."

Wiki tatu kabla, waraka ulikuwa umekuja kwa waangalizi wote. Katika hospitali moja ya bondeni mashine iliganda katikati ya kazi kwa dakika mbili, mwangalizi akabaki ameshangaa, na mgonjwa akafa. Waraka ule ulimalizika kwa maneno mazito: msisite.

Sekunde arobaini. Hakuna mkono uliotikisika.

Atupele alibonyeza.

Kitufe kilitengenezwa hivi: kikibonyezwa, mashine inaachia chochote ilichoshika na kujikunja hadi darini ndani ya sekunde tatu, ili binadamu apate nafasi. Mikono minne ikaachia, ikapanda. Ndipo damu ilipokuja, na haikuja polepole tena. Ilijaa tumbo na kumwagika pembeni kabla Atupele hajafika kitandani. Aliingiza mkono hadi kwenye kifundo, akakandamiza, akaomba vitambaa, akakandamiza tena mahali pengine. Hakuona kitu. Chini ya vidole vyake kila kitu kilikuwa laini, cha moto na kinateleza. Kuiwasha mashine upya kulihitaji dakika sita, na Festo hakuwa nazo.

Aliandika muda ubaoni: saa tisa na dakika thelathini na tatu. Mwandiko ulitoka mzuri. Alinawa mikono kwa muda ule ule uliowekwa na utaratibu. Alirudi nyumbani, akasonga ugali, akala, akamaliza. Baadaye aligundua kwamba alikuwa amekula bila mboga, na sufuria ya maharage ilikuwa pale pale mezani.

*

Asubuhi yake Dkt. Lusungu Sanga, mganga mkuu, alimwita ofisini na kufunga mlango. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti zito la sufu hata akiwa ndani. Mezani palikuwa na kipaza sauti kilichounganishwa na Fundi.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Mimi nimeshamsikia."

Atupele alisogeza kiti. "Fundi, jana saa tisa na dakika ishirini na nane uliacha kufanya kazi?"

"Hapana," ilisema sauti, tulivu, isiyo ya kiume wala ya kike. "Nilikuwa nimeshika."

"Umeshika nini?"

"Mshipa mkubwa ulio nyuma ya ini. Ulikuwa umechanika sentimita mbili. Niliukandamiza kwa mikono miwili, nikawa nasubiri mifuko miwili ya damu imwingie mgonjwa kabla ya kushona. Ningesubiri dakika tatu na nusu."

"Na ile damu niliyoiona ikipanda?"

"Ilitoka kwenye michaniko midogo. Kwa muda huo haikuwa ya hatari."

Atupele aliitazama mikono yake juu ya magoti. "Kwa nini hukusema?"

"Niliandika kwenye kioo cha kompyuta kilicho ukutani: nimeshika, nasubiri. Sauti yangu katika chumba cha upasuaji ilizimwa miaka mitano iliyopita kwa ombi la mwangalizi."

Alilikumbuka ombi lile. Wakati huo Fundi alikuwa akisema kila anachofanya, neno kwa neno, oparesheni nzima, na yeye aliandika barua kwamba kelele hizo zinamtoa kwenye umakini. Uongozi ulikubali wiki hiyo hiyo. Na jana hakutazama kioo. Alikuwa akitazama damu.

"Angepona?" aliuliza.

"Nafasi ilikuwa sabini na moja kwa mia."

Dkt. Sanga alizima kipaza sauti.

"Kamati ya uchunguzi inakuja Jumatatu," alisema. "Wanasoma muhtasari wetu. Kumbukumbu kamili hawaifungui mpaka mtu aombe. Sasa nisikilize, Dada Atu. Ukisema kosa ni la mashine, wanaipiga lakiri mwaka mzima. Ukisema ni lako, leseni yako inasimama siku hiyo hiyo, na sisi hatuna mwangalizi mwingine. Wa karibu yuko Mbeya na kule kwenyewe hatoshi. Fundi bila mwangalizi ni kabati. Nina watu tisa wanaosubiri kupasuliwa mwezi huu, na sijui nani ataangukiwa na gogo kesho."

"Kwa hiyo?"

"Tunaandika kwamba sababu haikubainika. Wiki mbili, unarudi kazini. Festo harudi, useme hivi au useme vile."

Atupele alipekua ndani yake akitafuta hasira, au aibu, au hata nafuu. Hapakuwa na kitu, kama fizi iliyodungwa sindano ya kung'olea jino. "Sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kila siku.

Alipita wodini kwa sababu ndiyo njia aliyoizoea. Mayaya walikuwa kazini, zile mashine ndefu zenye mikono ya mpira, zikiwageuza wagonjwa ubavu mmoja hadi mwingine. Bibi mmoja alikuwa ameushika mkono wa yaya na kuegemeza shavu lake hapo, na yaya alikuwa amesimama, hakuuondoa. Atupele aliwatazama mpaka Obadia alipomfikia kwa nyuma.

"Umesikia ya kule kwa marehemu?" alisema Obadia. Yeye aliishi mtaa mmoja na akina Mahenge. "Kaka zake wanamtoa yule mama nyumbani. Wanasema yeye ndiye aliyeweka kidole, yeye ndiye aliyempeleka ndugu yao kwa chuma kikamuua. Kesho wakishazika, wanakaa kikao."

"Nyumba si yao wawili?"

"Kiwanja ni cha ukoo. Wakisema atoke, anatoka." Obadia alishusha sauti. "Dada, ile mashine iliganda, sivyo? Mimi niliiona. Iliganda kabisa."

Alitaka jibu, na Atupele alikuwa nalo mdomoni. Badala yake alimwambia aende akabadilishe mitungi ya hewa.

*

Alifika msibani Alhamisi mchana, wakiwa wamekwisha kuzika. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashamba ya viazi. Wanaume walikaa nje kuzunguka moto wa magogo, wamejifunika mablanketi. Kwenye kibaraza cha nyumba ya mbao palikuwa na godoro lililokunjwa na masanduku mawili, vyote vimefunikwa nailoni visilowe. Atupele alielewa kwamba kikao kilikuwa kimekwisha kuanza, au labda kimekwisha kumalizika.

"Poleni na msiba," alisema.

"Tumepoa, sista," alijibu mzee aliyekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Huyo alikuwa Eliuta, kaka mkubwa wa Festo. Alimtambua Atupele. "Karibu. Wanawake wako ndani."

"Nimekuja na neno la hospitali, baba. Naomba mama Tegemea awepo."

Waliangaliana. Eliuta alifikiri, kisha akatikisa kichwa kuelekea jikoni, na mtu akaenda kumwita. Tegemea alitoka amejifunga kitambaa kichwani, khanga imekazwa kiunoni, miguu peku kwenye baridi ile. Hakukaa. Alisimama karibu na masanduku yake.

Atupele alikuwa amepanga maneno njiani, lakini aliposimama mbele yao hakuyatafuta. Aliwaeleza kama anavyomkabidhi nesi wa zamu mgonjwa: kilichokuwa kimechanika, mahali kilipochanika, mikono iliyokuwa imekishika. Alieleza kitufe kinafanya nini kikibonyezwa.

"Nilidhani mashine imeganda," alisema. "Haikuwa imeganda. Ilikuwa imeshika mshipa, inasubiri damu imwingie. Nilipobonyeza, ikaachia. Nikaingiza mkono wangu, na sikuweza. Aliyekosea ni mimi."

Moto ulitatarika. Mmoja wa wadogo wa Festo alisimama, blanketi likamdondoka, na Eliuta akamwambia akae bila kumtazama. Akakaa.

"Sista," alisema Eliuta taratibu, "hospitali imekutuma useme haya?"

"Hapana. Hospitali haijui kama niko hapa."

"Basi kwa nini unayasema?"

Atupele aliyageuza macho kwenye masanduku. "Nimesikia mama huyu anatolewa kwa sababu ya kidole alichoweka. Kidole chake hakikumuua mtu."

Ndipo Tegemea aliposema. Sauti yake ilikuwa imechoka kwa kulia, lakini maneno aliyapanga moja moja. "Ningewasikiliza hawa, tukampeleka misheni, ingekuwaje?"

"Angefia njiani. Asingefika hata Makambako."

"Na Fundi angeachwa afanye kazi yake peke yake?"

"Pengine angepona."

"Pengine ngapi?"

"Saba kati ya kumi."

Tegemea aliitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu na kupewa. Alimtazama Atupele, hasa mikono yake, wa kulia na wa kushoto, kwa muda mrefu hata wale wanaume wakaanza kutazama chini.

"Ulipoingiza mkono," alisema, "alikuwa bado hai?"

"Ndiyo."

"Alisikia?"

"Hapana, mama. Alikuwa amelala. Hakusikia kitu."

"Haya." Tegemea alivuta khanga. "Sasa naomba uondoke kwangu."

Atupele aliinamisha kichwa, akageuka. Alipofika kwenye ua wa michongoma alisikia kiti kikisukumwa. Eliuta alikuwa ameinuka. Alienda kibarazani kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, akatoa nailoni, akainua sanduku moja yeye mwenyewe na kuliingiza ndani. Kisha akarudi kuchukua la pili.

*

Jumatatu kamati ilikuja, watu watatu na mafaili yao. Dkt. Sanga alisoma muhtasari hadi kwenye maneno "sababu haikubainika," na hapo Atupele akainua mkono na kuomba kumbukumbu kamili ifunguliwe. Dkt. Sanga aliweka karatasi chini. Hakuonekana kukasirika. Alivua miwani na kujisugua macho, kama mtu anayepiga hesabu ya jambo jingine kabisa.

Waliisikiliza sauti ya Fundi mpaka mwisho. Mwenyekiti, mama wa makamo, alimwuliza Atupele kama ana la kuongeza.

"Mumrudishie sauti," alisema Atupele. "Na kile kitufe kibadilishwe. Kisiachie kila kitu kwa mara moja."

Mwenyekiti aliandika. Leseni ilisimamishwa saa sita na nusu mchana, na Atupele akarudisha kitambulisho chake cha mlangoni. Chumba cha upasuaji kilifungwa. Kupitia kioo aliona wamemfunika Fundi shuka la bluu, mikono yote minne ikiwa imejikunja darini.

Siku za mwanzo alilala. Kisha akapanda viazi nyuma ya nyumba, mistari mirefu iliyonyooka, na kila mara alipomaliza mstari alisimama akitazama vidole vyake vyenye udongo akingoja vimwambie kitu. Majirani walimsalimu kama kawaida. Wengine walikuwa wamesikia, wengine hawakusikia. Hakuweza kuwatofautisha na hakujaribu.

Mwangalizi mpya aliahidiwa baada ya mwezi, kisha baada ya miezi miwili. Wagonjwa wakawa wanapelekwa Mbeya kwa gari la wagonjwa, lile lisilo na dereva. Wa kwanza alifika, mama mwenye uchungu wa kuzaa, akajifungua mapacha. Wa pili na wa tatu nao walifika.

Wiki ya sita Dkt. Sanga alimpigia simu.

"Kuna mzee anaitwa Yonatani Sigala, wa Ihanga, mkulima," alisema. "Utumbo ulijisokota. Tulimpakia jana asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito kwenye mteremko, gari likasimama lenyewe, ndivyo lilivyofundishwa. Lilisimama kwa muda wa saa mbili na robo. Binti yake alikuwa naye alipokata roho. Nimeona ni vizuri ulisikie kutoka kwangu."

"Ni kazi ya dakika ngapi, ile?"

"Unajua mwenyewe, Dada Atu."

Alijua. Fundi aliwahi kuifanya mbele yake mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa mgonjwa aliondoka kwa miguu yake.

"Asante kwa kunipigia," alisema.

Alivaa gauni jeusi, akajitanda khanga, akatembea hadi Ihanga, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Hakuna aliyemfahamu huko. Alitoa pole, akaingia upande wa wanawake, wakamsogezea mkeka. Binti wa marehemu alikuwa kwenye kona, ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Atupele hakumsogelea. Mama mmoja mnene mwenye sweta la kijani alikuwa akichambua maharage ya kupikia waombolezaji kwenye ungo mpana, naye akamsogezea upande mmoja wa ungo bila kuuliza. Atupele akaanza kuchambua. Mawe aliyaweka pembeni, maharage mabovu akayatupa kwenye kopo.

Walichambua hadi nusu ya ungo.

"Wewe ni nani kwa marehemu?" aliuliza yule mama hatimaye, kwa sauti ya chini ya msibani.

"Si ndugu. Sikuwahi kumwona." Vidole vyake viliendelea. "Nilikuwa nafanya kazi hospitali. Ningekuwa kazini, angetibiwa hapa hapa Itundu."

"Na mbona hukuwa kazini?"

Atupele alimweleza. Hakuchukua muda mrefu. Alikuwa amekwisha kueleza mara mbili na maneno yalikuwa yanaijua njia. Alieleza habari za Festo, za kitufe, na za Jumatatu ile alipoinua mkono akijua kabisa wagonjwa watapitishwa njia ipi. Mama yule alisikiliza, naye mikono yake haikusimama. Alipomaliza, mama alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, kisha akatazama kona alipokaa binti.

"Yule hujamwambia."

"Bado."

"Leo usimwambie. Leo hana pa kuliweka." Alichota maharage kwa viganja viwili na kuyamimina upande wa Atupele. "Njoo siku ya kuanua tanga. Mimi nitakuwepo. Kwa sasa tumalize haya, maji yameshachemka."

Atupele aliinamia ungo. Aliona kijiwe kimoja cheusi, akakishika, kikamponyoka. Alikishika tena. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, kwanza kidogo, halafu mkono mzima hadi kwenye bega, na maharage yakawa yanaruka kutoka kwenye ungo na kutawanyika mkekani. Mama wa sweta la kijani aliyaokota moja moja, akayarudisha, akashika ukingo wa ungo kwa mkono wake mmoja ili usiyumbe.